Kete za kasino: nimefikisha 41, lakini sijui ninachokitazama

Mkusanyaji wa Igoma aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Igoma, Mwanza. Nimesita kwa muda mrefu kuandika habari hii kwa sababu kila ninapoieleza nyumbani huonekana kama mtu anayetafuta njia ya kuhalalisha kamari, ilhali sijawahi kuweka hata shilingi moja mezani. Ninachokifanya ni kukusanya kete za kasino, yaani vile visahani vya mviringo ambavyo mchezaji hupewa badala ya fedha taslimu. Wengi huziita chipsi, lakini katika jiji ambalo chipsi mayai hukaangwa kila kona, nimeona neno kete linanipunguzia maswali.

Mambo yalianza miaka miwili iliyopita, nilipokwenda Mlango Mmoja kumtafutia mdogo wangu koti la mtumba. Katika mfuko wa ndani, pale ambapo bitana huwa imeachia, nilikuta kisahani cha rangi ya waridi, kipana kuliko sarafu yoyote niliyowahi kuishika, chenye herufi B katikati na mchoro wa gurudumu kuizunguka, bila tarakimu na bila jina la mahali popote. Muuzaji alicheka, akasema nikichukue kama nyongeza. Koti mdogo wangu alilikataa siku hiyo hiyo. Kete ninayo mpaka leo.

Tangu hapo nimefikisha kete 41. Nyingine nimeletewa na binamu yangu ambaye ni baharia, nyingine nimezipata kwa wageni waliokuwa wakifunga mizigo yao kurudi makwao baada ya mikataba ya kazi kwisha, na chache nimezinunua. Ninayo moja nyekundu ya dola 5 yenye jina la kasino ya Las Vegas ambayo nimesoma kwamba imekwishabomolewa. Pembezoni mwake kumechorwa, kwa mbonyeo mdogo sana, kofia na mkongojo vikifuatana kuzunguka duara zima. Ninazo 20 nzito, zenye picha za dado pembezoni, ambazo niliuziwa kwa bei niliyoiona kuwa ya kujivunia. Ninayo moja nyeusi iliyotobolewa tundu katikati, ambayo mke wangu anaamini ilikuwa kidani cha mkufu. Ninazo pia za shilingi kutoka kasino moja ya kanda hii iliyofungwa zamani, na kete nyingine moja moja kutoka huku na huku.

Ninalowaombeni ni msaada wa kuzisoma. Kwa nini miundo inatofautiana kiasi hiki, hata kwa kete zenye thamani moja? Je, ile ya waridi isiyo na tarakimu ni ya kuchezea watoto? Nitajuaje kwamba kete ilitumika kweli katika kasino na si kwamba ilitoka dukani? Na je, kwa unyevu wa huku kwetu ziwani, nizihifadhi vipi? Kwa sasa zimo katika kopo la biskuti chini ya kitanda. Nimeambatanisha picha, zote nikiwa nimezipanga juu ya kitambaa cheupe.

Dila Mstaafu alijibu:

Kijana wangu, karibu, na usione haya. Mimi ni mama niliyesimama nyuma ya meza za ruleti, ule mchezo wa gurudumu la namba, na za blakjaki ya karata kwa miaka 11 katika kasino mbili ambazo sitazitaja, na nadhani nimeshika kete nyingi kuliko nilivyoshika sahani za jikoni kwangu. Nimezitazama picha zako kwa raha, ila nina lawama moja kabla ya yote: umezipiga zote zikiwa zimelala chali. Kete haikuundwa itazamwe hivyo. Dila, yaani mhudumu anayeendesha meza, huiona kete ikiwa ndani ya rundo la kete 20, na katika rundo kinachoonekana ni ukingo peke yake. Kwa hiyo zigeuze, zipange marundo, upige picha upya kwa upande. Jibu la swali lako la kwanza liko pale.

Yale mabaka ya rangi nyingine unayoyaona ukingoni, mtu wa nje huyadhani ni mapambo, kama nakshi za pindo la kanga. Kwetu yalikuwa ni lugha. Kete nyekundu yenye mabaka manne ya kijivu ikipangwa juu ya nyekundu nyingine zenye mabaka hayo hayo, rundo zima huonekana lina mistari inayokubaliana. Ukiingiza kete moja ya thamani nyingine katikati, iwe kwa bahati mbaya au kwa ujanja, mstari unakatika na hata kamera iliyo darini inaona. Rundo la namna hiyo tuliliita rundo chafu, na dila aliyelipa kwa rundo chafu alikuwa na maelezo ya kutoa kwa msimamizi kabla zamu haijaisha. Ndiyo maana tulifundishwa kukata rundo la 20 katika mafungu manne ya kete tano tano mbele ya mchezaji na mbele ya kamera, polepole, mikono ikiwa wazi. Mtu aliyechora mabaka yale alikuwa anamfikiria mtu wa darini kwanza, na mchezaji baadaye.

Sasa utofauti. Nchini Marekani, hasa Nevada, imezoeleka kwamba dola 5 ni nyekundu, 25 ni kijani, 100 ni nyeusi na 500 ni zambarau. Ile ya dola 1 huwa nyeupe au buluu kutegemea nyumba, yaani kasino. Nevada hayo ni mazoea tu, lakini New Jersey, ambako kasino ya kwanza ya Atlantic City ilifunguliwa mwaka 1978, rangi kuu ziliwekwa katika kanuni za jimbo. Ikiwa rangi ya msingi imekwisha kuamuliwa, nyumba inabakiwa na nafasi gani ya kujitofautisha na jirani yake? Inabakiwa na mabaka, yaani idadi yake, upana wake na rangi zake, halafu na lebo ya katikati. Kwa hiyo kete mbili za dola 5, zote nyekundu, zinaweza kutoka nyumba mbili zinazotazamana barabarani, na mtunza fedha akazitenganisha bila kusoma jina. Huku kwetu, ambako thamani ni za shilingi na sifuri ni nyingi, kila nyumba hujipangia rangi zake, na ninakumbuka mafundi walivyotaabika kuziingiza sifuri zote hizo katika duara dogo la katikati pamoja na jina na nembo. Nyumba moja niliyofanyia kazi ilishinda taabu hiyo kwa kuandika K badala ya elfu. Wazee wengine walikataa kete zile siku ya kwanza wakidai hazijaandikwa fedha.

Kete yako ya waridi ndiyo iliyonifanya nikae nikaandika, kwa sababu ile si ya watoto hata kidogo. Hiyo ni kete ya ruleti. Kwenye meza ya ruleti watu sita au saba huweka kete zao juu ya namba zile zile kwa wakati mmoja, na kama wote wangetumia kete za kawaida, hakuna malaika ambaye angejua ya nani ni ipi. Kwa hiyo kila mchezaji hupewa rangi yake peke yake. Tarakimu haiandikwi kwa kuwa thamani huamuliwa pale anaponunua: wewe waridi yako inaweza kuwa ya shilingi 1,000, na mwenzako mwenye njano akaamua yake iwe ya 5,000, nasi tunaweka alama ya thamani hiyo juu ya kete ya mfano karibu na gurudumu ili asisahau mtu. Mchezaji akinyanyuka, hubadilishiwa zote pale pale kwa kete za kawaida, kwa sababu ile ya waridi ikivuka meza haina maana. Herufi B ni jina la meza. Meza A ina waridi yake, meza B ina yake, na mchoro ulio kati unatofautiana ili mtu asinunue kwa bei ndogo hapa akaenda kuuzia kwa bei kubwa pale. Aliyeondoka nayo mfukoni alikuwa ama mlevi ama mwenye haraka, maana dila wa siku ile bila shaka aliitafuta mpaka chini ya meza. Mimi nimewahi kuipigia magoti moja kama hiyo saa kumi alfajiri.

Abiria wa Kamanga alijibu:

Mkuu wa Igoma, unasema neno kete linakupunguzia maswali? Jaribu kumwambia askari wa doria usiku kwamba umebeba kete 41 kwenye kopo, halafu uje utusimulie. Siku hizi kete ni ya watu wa dawa za kulevya. Lakini nakubali kwamba kwa asili neno ni lenu nyinyi, maana mchezaji wa bao anazo kete, na wa drafti anazo kete hata kama ni vizibo vya soda. Mimi nina swali moja tu kwa Mama Dila: zile 20 nzito zenye dado pembezoni ni za kweli?

Dila Mstaafu alijibu:

Sikutaka kumvunja moyo mapema, lakini umeuliza. Zile ni za duka. Picha za dado ukingoni ni kalibu, yaani umbo la kubania kete, ya seti za kuchezea nyumbani, zile zinazouzwa ndani ya sanduku la bati lenye karata na kitambaa cha kijani. Uzito nao ni ushahidi: huwa zimeandikwa kwamba ni za gramu 11.5 na kwamba ni za udongo, wakati kwa kweli ni plastiki iliyofunika kipande cha chuma. Kete ya udongo ya kasino ni nyepesi kuliko hiyo, kati ya gramu 8 na 10 hivi, na ukiidondosha juu ya nyingine inatoa mlio mfu, kama wa kokoto mbili mkononi. Kijana wangu, zibakize tu kwa ajili ya kulinganisha.

Senti ya Tundu, Bukoba, alijibu:

Salamu kwenu nyote, na shikamoo Mama Dila. Mimi ni mkusanyaji wa sarafu, nimeingia katika kete kwa mlango wa nyuma, na ningependa kuongeza yale ambayo mtu wa sarafu huyaona.

Kwanza habari ya kete nyekundu. Kofia na mkongojo ni alama ya kalibu ya Paulson, kampuni iliyoanza Las Vegas mwaka 1963 kwa jina la Paul-Son, ikiuza dado na karata. Kete zake kwa sehemu kubwa huuziwa kasino zenye leseni, ndiyo maana wakusanyaji wakiona kofia ile hutulia kidogo. Mwaka 2002 iliungana na Bud Jones ya Marekani na Bourgogne et Grasset ya Beaune, Ufaransa, zikawa Gaming Partners International, ambayo mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni ya Angel ya Japani. Nayaeleza haya kwa sababu kalibu ndiyo saini ya mtengenezaji: lebo husema kete ni ya nyumba ipi, na mbonyeo wa ukingoni husema imezaliwa wapi. Mtengenezaji mwingine wa zamani, T.R. King wa Los Angeles, yeye alipenda taji dogo. Ukipata mwanga wa pembeni, tuseme tochi ya simu uliyoilaza mezani, michoro hii hujitokeza hata kwenye kete iliyosagika.

Tukisema udongo, isieleweke kama udongo wa chungu unaochomwa tanurini. Ni mchanganyiko wenye madini ya udongo na viunganishi ambao hubanwa kwa joto na shinikizo kubwa ndani ya kalibu, na yale mabaka aliyoyaeleza Mama hayapakwi rangi: kipande cha ukingo hukatwa, kikawekwa cha rangi nyingine mahali pake, ndipo vyote vikabanwa vikawa kitu kimoja. Hapo ndipo pa kumkamatia mghushi. Baka la kweli limezama ndani ya mwili wa kete na limezunguka kutoka uso mmoja, kupitia ukingoni, hadi uso wa pili. La kuchapishwa lipo juu kama rangi ya kucha. Kabla ya zama za udongo watu walitumia mfupa, pembe za ndovu na lulumizi, lile gamba la chaza linalong'aa, na matajiri wa Ulaya waliagiza China vijisamaki vya lulumizi vilivyochongwa kwa nakshi za ajabu. Baadaye, miaka ya 1980, zikaja kete za kauri, ambazo wino hupenya uso mzima mpaka ukingo, na mchoraji akaachiwa uwanja wote badala ya duara dogo la katikati. Tangu hapo kasino zikaanza kutoa kete za kumbukumbu za kila namna: ngumi, mwaka mpya, mwimbaji fulani. Kwangu mimi nyingi ya hizo ni kama kalenda ya ukutani, zinapendeza lakini hazijawahi kufanya kazi. Najua wapo watakaonibishia. Ninachofurahia ni neno lenyewe, kwamba kauri kwetu ni udongo mweupe wa vikombe na pia ni lile gamba la baharini, ambalo watu wa ziwa hili walilitumia kama fedha, na ambalo ndilo lililokuwa kete ya bao.

Sasa kete nyeusi yenye tundu. Mke wako asiivae. Sisi wa sarafu tunazo senti za zamani za Afrika Mashariki zenye matundu, lakini tundu la senti lilizaliwa nayo. Tundu la kete ni hukumu. Kasino ikifungwa au ikibadilisha muundo, kete za zamani hutangaziwa muda wa mwisho wa kubadilishwa fedha, na zinazorudi huharibiwa kwa kusagwa, na nyingine hutobolewa ili zisitumike tena. Nevada ina kanuni zinazosimamia mwisho huo, na zinasema jambo ambalo kila mkusanyaji angelijua: kete ni ushahidi wa deni ambalo kasino inadaiwa na aliyeishika, na kete yenyewe hubaki mali ya kasino. Tarehe 14 Desemba 2010 mtu mwenye kofia ya pikipiki aliingia Bellagio, Las Vegas, akiwa na bastola, akaondoka na kete zenye thamani ya dola milioni moja na nusu hivi, zikiwemo za dola 25,000 moja. Baadaye kasino ilitangaza kwamba muundo ule wa dola 25,000 unafutwa ifikapo Aprili 2011, na kila aliyekuwa nazo azilete zibadilishwe. Kuanzia siku ile mwizi alikuwa na visahani vya udongo ambavyo siku zake zinahesabika. Alikamatwa akijaribu kuziuza.

Kwa sababu hiyo hiyo kete nyekundu yako, ikiwa kweli ni ya nyumba iliyobomolewa, inastahili kuchunguzwa. Las Vegas imelipua nyumba zake nyingi: Dunes mwaka 1993, Sands na Hacienda mwaka 1996, Stardust mwaka 2007. Zilizobaki mikononi mwa watu ni zile ambazo wageni walisahau mifukoni, na hizo hazitaongezeka. Lakini jihadhari na kete za kubuni, zinazobeba jina la kasino maarufu iliyokufa ilhali hazikuwahi kukanyaga meza yake. Mara nyingi hizo hujifichua kwa uzuri uliozidi, lebo safi mno, rangi zisizofuata desturi ya jimbo, na kingo kali. Kete iliyofanya kazi huwa imechoka ukingoni kabla ya kuchoka usoni. Chama cha wakusanyaji cha Marekani, Casino Chip & Gaming Token Collectors Club, kilichoanzishwa mwaka 1988 na ambacho sasa huitwa Casino Collectibles Association, kina watu wenye subira ya kulinganisha picha; ni vyema kuwaonyesha kabla ya kununua kitu cha bei.

Kuhusu kuhifadhi, kopo la biskuti nalikataa. Zinagongana, na ukingo ndio roho yake. Tafuta kurasa za mifuko ya plastiki zinazotumika kwa sarafu, lakini uhakikishe si zile laini zenye harufu kali, kwa kuwa zile hutoa mvuke unaoacha utando wa mafuta. Nilipoteza ung'avu wa sarafu zangu za 1966 kwa kosa hilo. Kusanya vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, uviweke pamoja nazo, na uvibadilishe masika yanapoanza. Mbali na dirisha, kwa sababu jua la huku hufuta nyekundu kwanza. Usizisugue. Brashi laini kavu inatosha, na kama uchafu umeganda, tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha uzikaushe hapo hapo. Kete zenye maandishi ya dhahabu yaliyopigwa kwa chapa ya moto usiziguse kwa spiriti kabisa, utabaki na kisahani kitupu.

Mkusanyaji wa Igoma aliandika:

Mama Dila na Ndugu wa Bukoba, nashukuru sana, shikamooni nyote wawili. Jana usiku nilizigeuza kwa upande kama nilivyoelekezwa, nikatumia tochi ya simu, na nikiri kwamba nilikuwa nimekaa na vitu hivi miaka miwili bila kuviona. Ile nyekundu ina mabaka yanayozama ndani kweli, na ukingo wake umechoka huku jina likiwa bado linasomeka. Zile 20 za dado nimempa mdogo wangu, zimekuwa kete za drafti, vizibo vimestaafu.

Nimebakiwa na mashaka mawili. La kwanza: nilichukua sumaku ya spika mbovu nikazipima zote. Za dado zilinasa, sawa. Lakini na mbili kati ya zile za shilingi, za kasino iliyofungwa, nazo zilivutwa kidogo. Je, niliuziwa za kughushi? La pili ni mpangilio. Nizipange kwa nyumba, kwa rangi, au kwa mtengenezaji?

Dila Mstaafu alijibu:

Hapana, hizo usizitupe. Sumaku ni kipimo cha Wamarekani kwa sababu wao wamezoea kete za udongo. Kasino nyingi za Ulaya, Asia na huku kwetu Afrika hutumia za plastiki zilizomiminwa, na baadhi huwa na kiini cha chuma ndani ili ziwe na uzito mkononi. Kwa hiyo kunasa sumaku si kosa peke yake. Uangalie kazi ya ukingoni. Ya duka mabaka yake hayakutani vizuri, na rangi imemwagikia nje ya mstari. Ya kasino, hata ikiwa ya plastiki, mabaka yamekatika kama kwa wembe. Pia, ukipata taa ya kukagulia noti bandia, zimulike, kwani nyumba nyingine huficha alama isiyoonekana kwa jicho. Siku hizi wengine huweka kabisa kitambuzi cha redio ndani. Wynn ya Las Vegas ilifungua milango yake mwaka 2005 ikiwa nazo za namna hiyo. Zetu hazikuwa na mambo hayo, sisi tulikuwa na macho na msimamizi mkali.

Mpangilio mimi ningepanga kwa nyumba. Kete za nyumba moja zilibuniwa pamoja kama familia, kutoka ndogo hadi kubwa, na ukizitenganisha hutaelewa kwa nini ya 500 ilipewa mabaka mengi kuliko ya 5. Sababu ni kwamba kadiri thamani inavyopanda, ndivyo muundo unavyofanywa mgumu kuigwa, na kila baka jingine ni gharama nyingine kwa mghushi na kwa nyumba pia.

Senti ya Tundu, Bukoba, alijibu:

Kwa heshima zote Mama, hapa sikubaliani nawe. Mtu aliyebakiwa na kete 21 kutoka nyumba mbalimbali hana familia hata moja kamili. Akipanga kwa nyumba atakuwa na kurasa nyingi zenye kete moja moja, kama daftari la wageni. Apange kwa kalibu. Hapo ataona kofia zote pamoja, mataji pamoja, za kauri pamoja, na mkono wake utajifunza kuzitofautisha kabla ya jicho.

Dila Mstaafu alijibu:

Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kulipa mezani.

Mkusanyaji wa Igoma aliandika:

Wazee wangu, nimefanya yote mawili kwa sehemu. Za shilingi nimezipanga kwa nyumba, kwa sababu nne kati yake zimetoka kasino moja na kweli zinafanana kama ndugu, ya juu ikiwa na mabaka manane na ya chini mawili. Za nje nimezipanga kwa kalibu. Ile ya waridi haikukubali kukaa upande wowote, kwa kuwa haina nyumba, na mbonyeo wa ukingoni umefutika kabisa. Nimeipa ukurasa wake wa mwisho, na kuizunguka nimeacha mifuko sita mitupu kwa ajili ya rangi nyingine za meza B.

Ikiwa kuna yeyote kati yenu mwenye kete ya ruleti isiyo na tarakimu, yenye herufi B, na gurudumu lenye vijiti vinane na nukta ndogo chini ya herufi, iwe ya buluu, njano, kijani au rangi yoyote isiyokuwa ya waridi, naomba aweke picha yake hapa, kwa upande na kwa uso. Niko tayari kubadilishana nayo kwa kete mbili za kauri za mwaka mpya, ambazo Ndugu wa Bukoba amekwisha kuziita kalenda.